Msamiati wa GRE: mambo yanayosemwa sana ambayo sio kweli

Ukianza tu kuulizia GRE, ule mtihani ambao vyuo vingi vya nje hutumia kuchagua wanafunzi wa masters, kitu cha kwanza utakachotumiwa ni PDF ya maneno maelfu na ushauri wa "meza yote hayo utatoboa". Wanaotoa huo ushauri wana nia njema kabisa, ila umechosha watu wengi sana, na sehemu yake kubwa inatokana na mtihani ambao haupo tena. Inaniuma kuona mtu mwenye akili zake anakata tamaa ya masters kwa sababu ya orodha, so tuyapitie.

Dhana: ukimaliza orodha ndefu, Verbal (sehemu ya lugha) imeisha

Zamani hii ilikuwa na ukweli kiasi. Kabla ya Agosti 2011 GRE ilikuwa na maswali ya kinyume cha neno na yale ya kulinganisha jozi za maneno, unapewa neno liko peke yake, kama hulijui basi huna pa kushika. ETS, wanaoutunga, walipobadilisha mtihani 2011 hayo maswali yakatolewa, sa hivi kila neno linakuja ndani ya sentensi au kifungu. Na tangu Septemba 2023 walipoufupisha, Verbal nzima ina maswali 27 tu, 12 kwa dakika 18 halafu 15 kwa dakika 23, na karibu nusu yake ni kusoma vifungu na kufuata hoja ya mwandishi. Sasa mtu akae miezi yote na orodha, hajasoma hata kifungu kimoja kigumu, hiyo nusu ataijibu na nini?

Sisemi msamiati uachwe. Yale maswali ya kujaza nafasi yanaweza kuwa na nafasi moja mpaka tatu, na ukikosea moja swali zima limeenda, hakuna alama za nusu. Maneno yanahitajika sana, tatizo ni jinsi watu wanavyoyasoma.

Dhana: nikijua maana ya neno, nalijua

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea, na cha kusikitisha zinapotelea kwenye maneno ambayo kila mtu anadhani ni rahisi. Wanaotunga mtihani wanapenda maana ya pili ya neno la kawaida. Mfano "qualified support", ukisoma haraka unaelewa uungaji mkono wa mtu mwenye sifa, kumbe hapo ni uungaji mkono wenye masharti, yaani sio wa moja kwa moja. "Want" inaweza kuwa ukosefu wa kitu. "Flag" ikiwa kitendo ni kuishiwa nguvu, "arrest" ni kusimamisha kitu kisiendelee, "august" kwa herufi ndogo ni mtu au kitu chenye heshima kubwa. Halafu kuna "sanction" ambayo inaweza kuwa kuruhusu rasmi na pia inaweza kuwa adhabu, maana mbili zinazopigana, na sentensi ndio inakwambia ni ipi.

So ukiandika kadi yenye neno mbele na tafsiri moja nyuma, umejifunza nusu ya kitu. Mimi nashauri kila kadi iwe na sentensi nzima, maana zote zinazotumika, na alama ndogo ya kuonyesha kama neno linasifia au linaponda. Hiyo alama usiidharau. "Thrifty" na "miserly" wote wanabana hela, ila wa kwanza anasifiwa na wa pili anasemwa vibaya, sentensi ikiwa inampongeza mtu basi "miserly" haina nafasi hapo hata kama kamusi imeyaweka karibu.

Dhana: kwenye swali la kuchagua mawili kati ya sita, tafuta tu yanayofanana

Hapana jamani. Swali linataka maneno mawili ambayo yote yanaingia kwenye sentensi na yanaipa maana ileile. Mara nyingine wanaweka makusudi jozi inayofanana vizuri kabisa ila haiendani na sentensi, na anayewinda jozi bila kusoma anaibeba. Soma kwanza, sema kwa maneno yako pale panataka nini, afu ndio uangalie chaguo.

Dhana: ukijua mizizi ya Kilatini na Kigiriki utakisia neno lolote

Mizizi inasaidia kukumbuka neno ambalo umeshajifunza. Kukisia neno jipya ni hatari. "Enervate" inasikika kama kutia nguvu, ni kudhoofisha. "Noisome" haina uhusiano na kelele, ni kitu kinachonuka vibaya au chenye madhara, na "restive" ni mtu asiyetulia, sio anayepumzika.

Dhana: soma orodha tena na tena itaingia

Itaonekana imeingia, ndio shida yake. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojipima bila kuangalia: baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Na tangu 1885 mtafiti wa kumbukumbu Ebbinghaus alishaonyesha kwamba kusahau kunaenda kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa yanashika kuliko kurundika siku moja. Kwa hiyo funika jibu, jiulize, ukikosa neno lirudi kesho, ukipata lisubiri siku kadhaa. Apu kama Anki inakupangia yenyewe, na makaratasi pia yanafanya kazi hiyohiyo.

Dhana: nisipojua neno, swali limeshapotea

Hata kidogo. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache wazi. Na sentensi zenyewe zinatoa dalili, "although" na "despite" zinakwambia maana inageuka, nukta mbili mara nyingi inaleta maelezo ya kilichotangulia. Ukishajua nafasi inataka neno la kuponda, chaguo mbili tatu zinaondoka zenyewe hata kama lililobaki hujawahi kuliona.

Dhana: maneno magumu yanapandisha alama za insha

Insha sa hivi ni moja, dakika 30, na inapimwa kwa hoja, mifano, mpangilio na lugha iliyo wazi na sahihi. "Plethora" ina harufu ya kupita kiasi, ukiiweka mahali ambapo "many" ilitosha unaweza kujikuta umeilaumu hoja uliyokuwa unaitetea.