Promethazini si dawa ya kumlaza mtoto safarini

Alfajiri katika stendi ya mabasi ya Moshi, si ajabu kumwona mzazi akimnywesha mtoto kijiko cha promethazini ya maji ili alale hadi Dar es Salaam, kwa imani kwamba hiyo ni dawa ya usingizi isiyo na madhara. Imani hiyo si sahihi, na kwa mtoto mdogo ni ya hatari.

Promethazini, iliyobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1940, ni dawa ya mzio inayozuia kazi ya histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio. Na kwa kuwa hupenya hadi kwenye ubongo, hutuliza pia sehemu zinazochochea kutapika, ndiyo maana huzuia kichefuchefu cha safari ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya gari kuondoka. Usingizi hutokana na kupenya huko huko. Madaktari huutumia kwa makusudi, kwa mfano kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji, lakini huwa wanamwangalia.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hatakiwi kupewa dawa hii kabisa, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji hadi kuua. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwa mkazo. Nani, ndani ya basi, atatambua kwamba mtoto aliyefunikwa khanga hapumui vizuri, ilhali kila mtu anaamini amelala tu? Mtu mzima naye asiichanganye na pombe, wala asiendeshe gari akiwa ameimeza.