"Mafuta ya goti yameisha": eksirei inapima nini hasa?

Mama mmoja wa Mbagala aliingia chumba chetu cha eksirei na bahasha ya kaki kwapani. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa filamu mbili na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, hii ya mwezi wa tatu goti zima. Hii ya juzi nimeambiwa mafuta yameisha. Mafuta gani hayo yanaisha wiki sita?"

Nilipozisoma, jibu lilikuwepo. Ya kwanza alipigwa amelala chali, ya pili amesimama.

Dhana: Eksirei inaonyesha mafuta ya goti.

Haiyaonyeshi. Ule mstari mweusi kati ya mfupa wa paja na muundi, sehemu kubwa ni gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na miale hupita humo bila kuacha alama. Tunachopima ni pengo kati ya mfupa na mfupa, kwa milimita, kisha tunakadiria gegedu limebaki kiasi gani. Ute wenyewe, huo ambao watu huuita mafuta, kwa goti zima haujazi kijiko cha chai. Tena goti linalosagika mara nyingi huzidisha majimaji, ndiyo maana huvimba. Wengine huambiwa bamia hurudisha mafuta hayo. Bamia ni mboga nzuri na mimi naila, lakini mlenda wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Inaniuma kuona mtu anakunywa maji ya bamia miezi mitatu huku mazoezi ya paja, ambayo yangemsaidia kweli, hajaelekezwa.

Dhana: Picha ni picha, ulale usimame.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Ukilala, uzito wa mwili hauko kwenye goti, mifupa inaachana, na pengo linaweza kuonekana zuri wakati gegedu limeshakwisha. Kwa hiyo goti la kupimwa pengo hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, na ikiwezekana amelikunja kidogo, kwa sababu gegedu huanza kulika zaidi mahali panapogusana goti likiwa limekunjwa. Mwaka 1988 daktari wa mifupa Rosenberg na wenzake walieleza picha ya namna hiyo: magoti yamekunjwa nyuzi 45, miale inatoka nyuma na kuinamishwa nyuzi 10 kwenda chini.

Kuna na mshazari wa miale. Uwanda wa juu wa muundi una ukingo wa mbele na wa nyuma. Miale ikipita sambamba nao, kingo hizo hulaliana zikawa kama mstari mmoja mweupe. Ikipita vibaya unaona mistari miwili, na hapo hujui upime kutoka upi. Kwa mwenye ugonjwa wa kusagika goti, pengo la upande wa ndani hupungua kwa wastani milimita 0.1 hadi 0.2 kwa mwaka, yaani unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Kusimama vibaya mara moja kunatosha kuficha mabadiliko ya miaka.

Na tafadhali, usiweke rula juu ya picha ya kwenye simu. Goti likikaa mbali na kinasa picha, kivuli chake hukua, kwa hiyo bila kipimo cha kulinganishia milimita zako si za kweli.

Dhana: Pengo likipungua, gegedu limelika.

Si lazima. Ndani ya pengo hilo zimo pia meniska, vile vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga. Meniska ikisogea nje ya mahali pake, pengo hupungua hata kama gegedu halijaguswa.

Dhana: Pengo dogo, maumivu makubwa.

Tangu 1957 madaktari wanatumia madaraja ya Kellgren na Lawrence kusema goti limesagika kiasi gani kwenye picha: 0 ni goti zima, 4 ni lililosagika sana. Nimepiga magoti ya daraja la 4 ya mzee anayepanda ngazi za daraja la mwendokasi kila asubuhi, na ya daraja la 1 ya binti aliyeshindwa kusujudu. Anayetibiwa ni mtu, si namba.

Dhana: Mionzi ya eksirei ya goti ni hatari kubwa.

Ni kidogo mno, takriban sawa na mionzi ya asili unayoipata kwa siku moja tu. Hata hivyo haipigwi bila sababu.

Yule mama, kwa maelekezo ya daktari wake, nilimpiga tena. Alivua kandambili, akasimama juu ya karatasi nyeupe, nami nikachora nyayo zake kwa kalamu ili mwakani asimame palepale. Akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye bahasha pamoja na filamu. Juu ya ile ya mwezi wa tatu aliniomba niandike kwa herufi kubwa: AMELALA.