Kuaminiana kwa mzazi na mtoto katika hadithi za baada ya kiama

Hadithi za baada ya kiama huanza dunia tuijuayo ikiwa imeshaanguka. Vita, tauni au moto vimepita, serikali hakuna, soko hakuna, na wachache waliosalia wanaogopana. Waandishi wengi huweka katikati yake mzazi na mtoto walio safarini. Kuaminiana kwao kuna pande mbili: mtoto anaamini kwamba mzazi atakuwepo na hatamdanganya, naye mzazi anaamini kwamba mtoto anaweza kuubeba ukweli. Upande huu wa pili husahaulika, na ndipo hadithi nyingi za aina hii zinapoharibika, mtoto akabaki mzigo wa kuokolewa tu.

Elimu ya jambo hili ina mizizi Uganda, na inafaa tuijue. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika hapa mwaka 1954, akawa anazitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Mtoto anayetambaa humwacha mama, huenda kushika kitu pale mbele, hugeuka kuhakikisha mama yupo, kisha husonga tena. Tena wale ambao mama zao walizielewa vizuri ishara zao walikuwa na utulivu zaidi. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka 1967, na uchunguzi huo uliitia nguvu nadharia ya John Bowlby kuhusu mfungamano wa mtoto na mlezi: mtoto aliye na uhakika wa mahali pa kurejea ndiye anayethubutu kwenda mbali.

Sasa mweke mtoto huyo katika nchi isiyo na mahali salama pa kutambaa. Mzazi humbana kifuani, kila mgeni ni adui, na kule kuthubutu hufa. Riwaya ya The Road ya Mmarekani Cormac McCarthy, iliyotoka 2006, imejengwa juu ya shida hii. Baba na mwanawe wanatembea kuelekea baharini katika nchi iliyojaa majivu. Siku moja baba anamtengenezea mtoto kakao, yeye mwenyewe anajimiminia maji ya moto matupu. Mtoto anagundua, na hafurahi hata kidogo. Baba alikuwa ameahidi kutofanya hivyo, na mtoto anamkumbusha kwamba anayevunja ahadi ndogo atazivunja na kubwa. Kwangu huu ndio moyo wa kitabu kizima. Baba alidhani anaonyesha upendo kwa kujinyima, kumbe mtoto alikuwa akihesabu ukweli. Na baba anapokufa, anatokea mtu asiyemjua. Mtoto anamhoji, anapima majibu yake, halafu anafuatana naye. Hayo yote aliyajifunza kwa baba.

Kwa hiyo tusichanganye kuaminiana huku na utii. Mtoto mtiifu hukaa alipoambiwa, lakini anayeamini huweza kuuliza, kupinga, hata kuondoka.

Kaskazini mwa Uganda jambo hili halikuwa la kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa vita vya LRA, kundi la waasi la Joseph Kony lililokuwa likiteka watoto, maelfu ya watoto walitoka vijijini kila jioni wakatembea hadi Gulu kulala kwenye varanda na katika viwanja vya hospitali, ili wasitekwe, kisha asubuhi wakarudi makwao. Wengi walikwenda bila wazazi. Mzazi aliyempenda mwanawe alimwacha aende, na mtoto alikwenda akiamini kwamba nyumbani ataikuta familia yake.

Ndiyo maana hadithi ya kiama itakayoandikwa hapa haiwezi kunakili wale wawili wa barabarani na kuishia hapo. Mtoto wa Gulu au wa Masaka hulelewa na mama, jaja (bibi au babu), shangazi na majirani, na watoto wa njiani walishikana mikono wao kwa wao. Mwandishi wetu atalazimika kueleza wote hao wamekwenda wapi kabla ya kumbakiza mtoto na mzazi mmoja.