Viungo Saba, Chanzo Kimoja: Tena Kuhusu Mjusi wa Lindi na Jurassic Park

Jumapili usiku nimeitengua tena, yaani nimeifuta, sentensi moja kwenye makala ya filamu ya Jurassic Park katika wiki yetu, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Sentensi ni ileile, aliyeirudisha ni mwingine: "Mjusi mkubwa anayeonekana kwenye filamu ya Jurassic Park ni yule aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi." Safari hii imekuja na tanbihi saba, na kwenye ukurasa wa majadiliano nimeachiwa ujumbe: "Kaka, vyanzo saba hivyo. Unataka na cha nane?"

Sitaki cha nane. Nataka kimoja tu, na kati ya hivyo saba hakimo. Nahariri makala za filamu na muziki kwenye wiki yetu ya Kiswahili, nikiwa hapa Mtwara, mwaka wa tisa sasa, na hakuna imani inayonichosha kama hii ya kuhesabu viungo. Nimeijibu kwenye majadiliano mara nyingi mno. Leo naijibu kwa kirefu, ili mara ijayo nibandike kiungo cha hapa niendelee na kazi.

Nilivifungua vyote saba, kimoja kimoja. Blogu tatu za burudani, kurasa mbili za watu wa utalii, maelezo yaliyo chini ya video, na picha ya "je, wajua?" ya kusambaziana kwenye simu. Vyote vimeandika "Tendeguru", kwa e. Vyote vinasema uchimbaji ulianza 1904. Msafara wa Wajerumani ulichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Mwalimu yeyote aliyesahihisha mitihani anaijua hali hii: watoto saba wakipata jibu sahihi linalofanana, sawa, wamesoma. Wakikosa kwa kosa linalofanana, herufi ileile na mwaka uleule, kuna daftari moja limezunguka darasani.

Daftari lenyewe nikalikuta nyumbani. Nilifungua historia ya makala yetu nikarudi nyuma toleo kwa toleo. "Tendeguru" na "1904" viliingia pamoja, Agosti 2016, bila tanbihi, kwa mkono wa mtumiaji asiyejisajili. Kiungo kikongwe kuliko vyote katika vile saba ni cha mwaka uliofuata. Sisi baadaye tulisahihisha tahajia; waliokwishanakili wakabaki na e yao. Kwa hiyo ndugu yangu wa vyanzo saba ametuletea maneno yetu wenyewe, yamezunguka mtandaoni yakabadili nguo, sasa yanabisha hodi kama mgeni.

Wanaodhani haya ni matatizo ya wiki ndogo wakumbuke kisa cha Maurice Jarre, Mfaransa aliyetunga muziki wa filamu za Lawrence of Arabia na Doctor Zhivago. Alipofariki Machi 2009, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Dublin aliweka kwenye Wikipedia ya Kiingereza maneno ya kubuni na kudai yalisemwa na marehemu. Alikuwa anawapima waandishi wa habari. Wahariri waliyaondoa kwa kukosa chanzo, lakini magazeti yalikuwa yameshayachukua kwenye tanzia, The Guardian likiwemo. Mwanafunzi ndiye aliyejitokeza mwenyewe kusema. Asingesema, mhariri wa mwaka uliofuata angeyakuta maneno yale kwenye gazeti lenye heshima zake, angeyarudisha na tanbihi safi kabisa, na mimi ningekuwa wa kwanza kumtetea.

Upande wa mbinu sina mengi. Tarehe iliyo juu ya ukurasa usiiamini, hubadilishwa kwa kubofya mara moja. Linganisha na nakala za Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Tafuta kosa, usitafute ukweli, maana ukweli unaweza kupatikana na watu wengi kwa njia nyingi, lakini kosa la kipekee lina mama mmoja. Na anza na historia ya makala yenu kabla ya kwenda kwa jirani.

Sasa dai lenyewe. Linaonekana moja, kumbe ni matatu yaliyofungwa kwa kamba moja, na hapa wanaolileta na wanaolifuta wananikera sawasawa.

La kwanza ni la mifupa, na ni jepesi. Mifupa ya Tendaguru, ya dinosaria mkubwa tunayemwita mjusi, iko Berlin, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, ambako ilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Leo kimo chake ni mita 13.27. Filamu ya Steven Spielberg ya 1993 ilirekodiwa Hawaii na California, na wanyama wake ni picha za kompyuta pamoja na mashine zilizotengenezwa na kikosi cha Stan Winston. Mfupa wa Lindi haumo. Hilo limekwisha.

La pili ni la jina. Filamu inamwita mnyama wake Brachiosaurus. Jina hilo alilitoa Elmer Riggs mwaka 1903 kwa mifupa iliyochimbwa Colorado, Marekani, mwaka 1900. Wa kwetu alikuja kupewa jina na Werner Janensch mwaka 1914, Brachiosaurus brancai, na leo anajulikana kama Giraffatitan brancai. Mhariri mwenye haraka akifika hapo hufuta kila kitu na kuandika kwenye muhtasari: "uongo, wa filamu ni wa Marekani." Hapana, subiri. Gregory Paul alipendekeza mwaka 1988 kwamba wanyama hao wawili watofautishwe, na waliomfuata wakati huo walikuwa wachache. Michael Taylor ndiye aliyeweka tofauti zao mezani mfupa kwa mfupa mwaka 2009, na wengi wakakubali kuwa ni jenasi mbili, yaani makundi mawili tofauti ya spishi zinazokaribiana. Filamu ilitoka katikati ya miaka hiyo! Kwa vitabu vingi vya 1993, wa Colorado na wa Lindi walikuwa jenasi moja. Aliyesema mwaka huo kwamba Brachiosaurus amechimbwa pia Lindi alisema sawa. Anayeisema leo sentensi hiyohiyo, bila neno la ziada, anakosea. Dai lina umri wake, na anayelipima kwa mizani ya 2009 lazima aandike kwamba mizani yake ni ya 2009. Nimeona makala nzuri zikiharibiwa na watu wenye vyanzo sahihi kabisa kwa sababu tu hawakutazama mwaka wa chanzo.

La tatu ni la umbo, na ndilo linalonifanya nisilale. Mifupa aliyoieleza Riggs haikuwa na fuvu wala shingo. Kwa miongo mingi, mchoraji au mtengeneza sanamu aliyetaka kumwonyesha Brachiosaurus mzima, kichwa kikiwa juu ya miti, alilazimika kutazama mifupa ya Tendaguru, ambayo ilikuwa kamili zaidi kwa mbali. Picha iliyojengeka vichwani mwa watu duniani, kile kichwa chenye paji lililoinuka na ile shingo iliyopanda kama mnazi, ilikulia kwa mnyama wa Lindi. Kwa hiyo wanaolileta dai wamegusa jambo la kweli, tena kubwa. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kwamba waliotengeneza filamu walikaa mbele ya mifupa ya Berlin wakaiiga, hicho ni kitendo cha watu fulani siku fulani, na kinataka ushahidi wake: mchoro wa kazi, mahojiano, kumbukumbu. Kwamba mimi nikitazama naona vinafanana, hiyo haiingii kwenye makala.

Ndivyo ilivyo hata kwa lile jingine linalorudi kila mwaka, kwamba Disney wamekinunua Kiswahili. Waliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara mwaka 1994, usajili ukakamilika 2003, kwa ajili ya nguo. Hasira za 2018 zilitokana na hilo. Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wameshayaimba mwaka 1982 kwenye "Jambo Bwana", na hakuna anayelipishwa kwa kuyatamka. Andika hivyo, weka tanbihi, pita.

Watu huniuliza dai la mjusi lilianzia wapi kabla ya Agosti 2016. Mimi nadhani najua. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaingia kibanda cha video pale Chikongola, tunakaa chini kwenye jamvi, jenereta likinguruma nje. Mtafsiri alikuwa na kipaza sauti, anawasemea waigizaji wote peke yake. Siku ya mkanda wa Jurassic Park, mnyama alipoinua shingo, mtafsiri alipaza sauti: "Huyo! Huyo ni wetu, wamemtoa hapo Lindi!" Kibanda kizima kilipiga kelele. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele. Kwa miaka mingi niliamini, na ninaikumbuka ile furaha hadi leo, ndiyo maana siwezi kumdharau mtu anayeirudisha sentensi ile. Tumesikia sauti moja.

Lakini kumbukumbu yangu siwezi kuitia kwenye makala. Ni utafiti binafsi. Hapo ndipo mashaka yangu yanapoanza, na miongozo ya wiki haisaidii sana.

Chukua wimbo unaofungua The Lion King. Mhariri mmoja alifuta neno "Kizulu" akaandika "Kiswahili". Mimi ni Mswahili, nina masikio, nasikia wazi kwamba mwimbaji wake, Lebo M, anaimba Kizulu. Tena Wangoni wa huko Songea, ambao mababu zao walitoka kusini, ingekuwa busara kuwauliza kuliko kuuliza blogu. Kwa kanuni, sikio langu si chanzo. Nikatafuta chanzo kilichochapishwa, nikakipata kwa dakika mbili, yakaisha. Kwa The Lion King vitabu vipo. Kwa mambo yetu ya kusini vitabu havipo. Huku habari nyingi zinakaa midomoni: nani alibeba nini, nani alikufa njiani, kilima kiliitwaje kabla ya wageni. Mzee wa huku akikueleza alivyosimuliwa na babu yake, kanuni inakutaka umsikilize kwa adabu kisha umwache nje ya makala. Mwaka 2011 Achal Prabhala alijaribu, India na Afrika Kusini, kurekodi maelezo ya watu na kuyatumia kama tanbihi kwenye Wikipedia. Nimeusoma mradi ule zaidi ya mara moja. Sehemu ya moyo wangu inaukubali kabisa. Sehemu nyingine inamkumbuka mtafsiri wa Chikongola, naye alikuwa sauti ya mtu wa hapa, mwenye uhakika kuliko vitabu vyote, na alikosea. Sijui mlango huo niufungueje kwa mzee bila kuufungua kwa kila mwenye kipaza sauti.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Wanaonituhumu kwamba sipendi cha kwetu hawajawahi kugusa makala ya Boheti bin Amrani. Huyu alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha miaka miwili tu kabla, nchi imeungua, na mamia ya watu wakawa wanachimba, wanafunga, wanabeba kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mwaka 2007 mwanasayansi Kristian Remes alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Jina la mtu wa huku limo kwenye sayansi, limechapishwa, chanzo kipo, hakuna wa kulitengua. Makala yake kwenye wiki yetu ni mbegu, yaani makala iliyoanzishwa tu, ya mistari miwili. Sentensi ya Hollywood inapiganiwa mwaka hadi mwaka, na Boheti amekaa na mistari yake miwili!

Kwa sasa makala ya filamu inasomeka hivi: "Filamu inamwita mnyama huyu Brachiosaurus, jenasi iliyoelezwa kwanza kutokana na mifupa ya Colorado. Sura ya Brachiosaurus iliyozoeleka katika karne ya 20 ilitokana zaidi na mifupa ya Tendaguru, mkoani Lindi, ambayo tangu 2009 wanasayansi wengi huiweka katika jenasi Giraffatitan." Ni ndefu, na haitamfanya mtu kibandani apige kelele. Neno "zaidi" linanisumbua. Nimeliondoa na kulirudisha mara tatu, kwa sababu sina kipimo cha kuonyesha ni zaidi kiasi gani, na bila neno hilo sentensi inadai makubwa kuliko inavyoweza kubeba.

Ndugu wa vyanzo saba nimemjibu kwenye majadiliano. Nimemwambia Jumamosi nitapanda basi kwenda Lindi na kompyuta yangu, nimechapa makala ya Remes, na kwamba mtu mwenye bidii ya kutafuta viungo saba usiku mmoja ndiye ninayemhitaji kwa Boheti. Nasubiri jibu.