Usiutupe mpira uliotoka kabla ya kuuchana

Kila nikimbadilishia mtu mpira wa mkojo, yaani katheta, bomba laini linaloingizwa kibofuni kutoa mkojo, nyumbani kwake, huomba gazeti kuukuu. Nalitandika sakafuni, mpira uliotoka nauweka juu yake, kisha nawaita wenyewe wasogee. Kwanza wavae glavu, waushike ile ncha iliyokuwa ndani ya kibofu, waivingirishe baina ya kidole gumba na cha shahada. Mpira mzima huteleza tu. Ulioanza kuziba hukwaruza, kama uliofukiwa mchanga. Baada ya hapo nauchana kwa mkasi kuanzia kwenye vitundu vya juu, tukatazama ndani.

"Dokta, mchanga huu umeingiaje na mzee hajatoka kitandani?" mama mmoja aliniuliza.

"Haukuingia, mama. Umefanyika humo humo."

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Pemba ni watu wanaoishi na mpira: wazee wa tezi dume ambao upasuaji hauwafai au bado hawajaufikia, waliopigwa na kiharusi, na vijana waliovunjika uti wa mgongo kwa kuanguka mkarafuu. Malalamiko yao ni mengi, lakini linalowatoa nyumbani usiku wa manane ni moja: mpira umeziba, tumbo limejaa, mtu anatweta.

Mpira ukishakaa mwilini wiki chache, bakteria wataingia. Hilo halina mjadala. Hujijengea utelezi juu ya mpira, mfano wa ukoga wa meno ya mtu aliyeuacha mswaki. Wengi wao hukaa humo bila ya kuleta tabu. Mwenye balaa ni mmoja aitwaye Proteus mirabilis, ambaye ana kimeng'enya cha kuivunja urea, taka ya mwili iliyomo ndani ya mkojo. Urea ikivunjika hutoka amonia, na mkojo ambao kwa kawaida una uchachu kidogo hugeuka ukawa kama maji ya magadi. Kalsiamu, magnesiamu na fosfeti sote tunazikojoa kila siku zikiwa zimeyeyuka. Ndani ya magadi haziyeyuki tena. Hushikana zikawa fuwele, fuwele zikaganda kwenye ule utelezi, na tundu la mpira likajifunga taratibu kama bomba la kisima cha zamani. Karibu nusu ya watu wanaokaa na mpira muda mrefu hupatwa na hili. Dalili ya mapema ni harufu ya kuchoma pua mfuko wa kukusanyia mkojo unapofunguliwa, na kijiti cha kupimia mkojo kikionesha pH, kipimo cha uchachu, iliyovuka 7, yaani mkojo si mchachu tena.

Watu huyasingizia maji yetu. Kwa kuwa mabirika yetu yanaota chokaa, basi na mpira nao ni hivyo hivyo. Sivyo. Chokaa ya birika huletwa na maji yenyewe yakichemka, ya mpira huletwa na huyo bakteria, na mtu anayepunguza kunywa kwa kuogopa chokaa anajizibia mwenyewe.

Wengine hukimbilia vidonge vya kuua bakteria. Mkojo wa mwenye mpira wa muda mrefu ukipelekwa maabara, bakteria watakutwa daima, na wakishajificha ndani ya utelezi wao dawa haiwafikii vizuri. Unachofanya ni kuwafundisha usugu. Dawa hizo ni za mtu mwenye homa, kutetemeka, maumivu ya kiunoni au aliyeanza kuchanganyikiwa, si za mkojo uliochafuka tu.

Sasa daftari. Daftari la skuli linatosha. Andika tarehe mpira ulipowekwa, aina yake, ukubwa wake, siku ulipoziba au kutolewa, na ulikuwaje ulipochanwa. Baada ya mipira mitatu utaona mwendo wa mtu huyo. Nina mzee mmoja ambaye wa kwanza uliziba siku ya 24, wa pili siku ya 21, wa tatu siku ya 23. Wanawe walikuwa wakinionesha pakiti kwa hasira: mpira wa silikoni, wiki 12, mbona hamtuachi tukapumua? Wiki 12 ndio mwisho unaoruhusiwa kwa mpira huo, lakini kibofu cha baba yao hakikusoma pakiti. Tukakubaliana siku ya 17, imezungushiwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani. Tangu hapo nakwenda asubuhi, mchana kweupe, mpira unatoka bila ya kumkwaruza. Ule ulioganda ukivutwa hutoka na magamba yake juu ya puto, lile linalojazwa maji ili mpira usichomoke kibofuni, humchana mtu njia ya mkojo, na damu yake huitisha nyumba nzima.

Kuhusu aina, silikoni nyeupe inayopitisha mwanga ina ukuta mwembamba, kwa hiyo tundu lake la ndani ni pana kuliko la mpira wa manjano wa ukubwa ule ule. Mingi ya manjano yenye kupakwa tabaka juu haipiti wiki 4. Ukiweza kupata silikoni, chukua silikoni. Puto lijazwe maji safi ya sindano, kwa kawaida mililita 10, yasiwe ya chumvi, maana chumvi yaweza kuganda kwenye kijia chake na puto likakataa kupungua siku ya kuutoa.

Ukubwa nao una kisa, na kisa hiki kosa ni langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na mzee ambaye mkojo ulimpenya pembeni ya mpira. Nikadhani mpira mdogo. Nikatoa wa namba 16 nikaweka 18, nikatoa 18 nikaweka 20, na kila nikiongeza kibofu kilizidi kujikaza na shuka zilizidi kurowa. Mkewe ndiye aliyenizindua, tena kwa aibu: "Mwanangu, huyu ana siku tisa hajapata choo." Kutwa chai na boflo, maji glasi moja, kitandani. Utumbo wa mwisho umekaa nyuma ya shingo ya kibofu. Ukijaa choo kigumu hulibana bomba kwa nje, na mpira ulio safi kabisa ukaonekana umeziba. Siku alipopata choo, mkojo ulishuka wenyewe. Nikamrudishia 16. Kwa hiyo mpira ukikataa kushusha, mimi huuliza choo kabla ya kuuliza mkojo, na papai bivu, mchicha na maji ya kutosha huviandika kwenye lile daftari kama ninavyoandika dawa.

Maji: lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku, yagawanywe kutwa nzima, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo au wa figo ambaye daktari wake amempa kipimo. Nawaambia pia wakamulie ndimu kwenye jagi, kama tumbo linaistahamili. Sitrati ya ndimu hushikana na kalsiamu, fuwele zikachelewa kuganda, lakini haiyeyushi lililokwisha ganda. Naona watu wakizitarajia makubwa mno.

Ramadhani ndiyo inayonipa kazi. Mtu hafungui kinywa kutwa, mkojo unakuwa mzito rangi ya chai, na daftari linasema hivyo hivyo: mipira huziba mapema. Anayeziba mara kwa mara namwambia wazi kwamba yeye ni mgonjwa, azungumze na daktari wake na sheikh wake kabla ya mwezi kuandama. Anayefunga, maji yake ayagawe tangu futari mpaka daku, sio kuyamiminia yote kwenye futari.

Mengine ni ya macho tu. Mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, wala usining'inie mbali sana, maana uzito wa mkojo kwenye bomba refu huvuta nyama ya kibofu ikaziba vitundu. Umwagwe kabla haujapita thuluthi mbili. Mpira ufungwe pajani usivutike. Na kile kibano cha kufungia bomba! Kuna wanaokifunga ili tone lisishuke wakati wa sala, wakakisahau mpaka sala ya pili. Nimepigiwa simu za "mpira umeziba" ambazo nilizimaliza kwa kidole kimoja.

Ukiwa umekagua kibano, mikunjo, mfuko na choo, umemgeuza mgonjwa ubavu, na bado kwa muda wa saa mbili hakuna tone huku tumbo linajaa, mlete. Usisukumie maji kwa nguvu. Usiukate mpira. Kusuuza kibofu kwa maji ya chumvi huondoa makamasi na mabonge ya damu, hakuyeyushi chokaa. Kuna maji maalumu yenye tindikali, lakini hayo ataamua daktari. Na mipira mitatu ikiziba harakaharaka, omba picha ya kibofu. Jiwe likiwemo, Proteus amejenga nyumba humo, na hakuna daftari litakalomtoa. Ulizia pia kama mpira bado unahitajika. Wapo wenye mikono mizima wanaoweza kufundishwa kujitoa mkojo wenyewe mara nne au tano kwa siku kwa mpira mwembamba usiobaki mwilini.

Waliovunjika uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake wana hatari yao peke yao. Kibofu kikijaa hawasikii maumivu. Mwili hupandisha presha kwa ghafla, kichwa kikauma kama kinachopasuka, uso ukaiva na kutoka jasho, na hali hiyo yaweza kuua. Kijana mmoja mchumaji wa karafuu nilimkuta hivyo, ndugu zake wanamsomea. Tukamketisha, nikafunua shuka: bomba limepindika chini ya paja lake. Nikalinyoosha. Mfuko ulianza kujaa, na kabla sijamaliza kupima presha ya pili alikuwa ameshafumbua macho akiuliza chai. Siku hizi akisema "kichwa" tu, mama yake haulizi la pili, anafunua shuka.