Kinengenenge wa Pemba na nduguye aliyemalizwa na panya

Mwenye mikarafuu Wete au Mkoani hahitaji darubini kumwona kinengenenge wa Pemba: ndege wa manjano, urefu sentimita 10 hivi, duara jeupe limemzunguka jicho. Hupita kwa makundi, akilia kwa sauti nyembamba na kuchokora wadudu majanini. Watu humchanganya na chozi, lakini mdomo wa chozi ni mrefu na umepinda. Wa huyu ni mfupi. Hapatikani popote duniani ila Pemba na visiwa vyake, na bado yu mwingi, mabustanini hata msitu wa Ngezi.

Nduguye, kwa jina la kitaalamu Zosterops strenuus, aliishi Lord Howe, kisiwa cha Australia kisichofika kilomita za mraba 15. Juni 1918 meli Makambo ilipanda mwamba huko, panya weusi wakashuka. Haikupita miaka 10 hivi, ndege huyo akatoweka, pamoja na aina nyingine 4 za ndege wa kisiwa kile.

Panya mweusi ni hodari wa kupanda miti, na kazi yake ni usiku, wakati mama yuko kiotani. Mayai huatamiwa siku 11 hivi. Usiku mmoja unatosha kuharibu yote. Lord Howe haikuwa na nyoka, na mnyama pekee wa asili wa kunyonyesha alikuwa popo, kwa hiyo ndege wa huko hawakumjua mwizi wa aina hii. Wa Pemba wamekulia na nyoka, fungo na tumbili. Umbo si hoja: strenuus alikuwa mkubwa kuliko kinengenenge mwenziwe wa kisiwa hicho hicho, na yule mdogo yupo hadi leo.

Kinachotutia wasiwasi ni visiwa vidogo vyetu ambavyo panya hajafika. Jike mmoja mwenye mimba ndani ya gunia la mchele anatosha. Wanaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, watie chakula kwenye ndoo zenye vifuniko, wakung'ute nyavu na matanga kabla ya kupakia, na usiku watie nanga mbali badala ya kufunga kamba ufukweni. Chombo kikibidi kufungwa gatini, kila kamba ivishwe sahani ya bati yenye upana wa sentimita 90. Sumu ya panya iwekwe ndani ya kipande cha bomba, si chini wazi wazi, na mizoga ifukiwe asubuhi ile ile, maana bundi anayemla panya mwenye sumu huweza kufa naye.