Kwa nini sheria ya ankara humfikia hata mchuuzi asiyetozwa VAT?

Mchuuzi akisikia habari za ankara za lazima, jibu lake la kwanza huwa kwamba hayo ni mambo ya matajiri wenye maduka makubwa. Kwa kiasi fulani hakosei. Nchi nyingi zina kiwango cha mauzo ya mwaka ambacho aliye chini yake halazimiki kujisajili kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kenya, kwa mfano, kiwango hicho ni shilingi milioni 5, na wengi wanaopanga bidhaa kando ya barabara hawakifikii. Ila sheria hizi zina mlango wa uani, na anayeuingilia si ofisa wa kodi. Ni mteja.

VAT ilianza Ufaransa mwaka 1954, na uzuri wake, kwa macho ya serikali, ni kwamba wafanyabiashara wanalindana wenyewe. Kila muuzaji anatoza kodi kwenye anachouza, kisha anapunguza ile aliyokwisha kulipa aliponunua mzigo. Anayetaka kupunguza lazima aonyeshe ankara. Hakuna haja ya kuweka askari kila duka, kwa sababu mnunuzi mwenyewe ataidai karatasi: akiikosa, hasara ni yake. Mifumo ya kielektroniki ya siku hizi, kama eTIMS ya Kenya, EFRIS ya Uganda na mashine za EFD za Tanzania, imeongeza jambo moja tu, nalo si dogo: mamlaka ya kodi inapata taarifa za mauzo moja kwa moja, bila kungoja mfanyabiashara alete vitabu vyake.

Kenya ikaenda mbele zaidi. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi mtu anapokokotoa kodi ya mapato, isipokuwa chache kama mishahara. Hapo ndipo fundi mdogo alipoguswa, hata kama VAT haimhusu kabisa. Chukua kampuni inayonunua meza kwa fundi seremala kwa shilingi 100,000. Ikiwa na ankara, inaitoa hiyo laki moja kwenye mapato yake kabla ya kutozwa kodi. Ikiwa haina, laki hiyo inahesabiwa kama faida na kutozwa asilimia 30. Meza ya laki moja imegeuka kuwa ya 130,000, na fundi hajapandisha bei hata senti. Mhasibu wa kampuni hatamgombeza fundi. Atanunua kwingine tu.

Kwa hiyo makali ya sheria hayawafikii wote sawasawa. Anayeuza soksi kwa wapita njia hana mteja wa kumdai ankara, maana mvaaji wa soksi hana gharama ya kupunguza popote. Akiuziwa nafuu bila risiti, ndiyo heri kwake. Serikali zinajua udhaifu huu. Taiwan imekuwa ikiendesha bahati nasibu kwa namba za risiti tangu 1951, ili mnunuzi wa kawaida naye apate sababu ya kuidai. Brazili, kwa upande wake, imekubali hali ilivyo: mfanyabiashara mdogo aliyesajiliwa kama MEI (daraja la wafanyabiashara wadogo wa mtu mmoja) halazimiki kutoa ankara anapomuuzia mtu binafsi, lakini akiiuzia kampuni, lazima aitoe. Kwa maoni yangu huo ni mpaka wa busara kuliko kumtaka kila mwenye meza ya karanga awe na mashine.

Anayebanwa hasa ni aliye katikati: mshonaji wa sare za shule, mpishi wa mikutano, mfugaji anayepeleka kuku hotelini, fundi wa kuchomelea. Wateja wake ni wenye hesabu za kukaguliwa, ilhali yeye ananunua malighafi kwa watu wasio na karatasi yoyote. Mauzo yake yote yanaonekana, manunuzi yake hayaonekani. Akikadiriwa kwa faida, atadhaniwa anapata kibunda. Akitozwa kwa mauzo, kuna hesabu nyingine: kodi ya mauzo ya Kenya, inayowahusu wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25, ni asilimia 3. Asilimia 3 inasikika ndogo. Lakini muuzaji wa jumla anayebaki na shilingi 5 katika kila 100 ametoa 3 kati ya hizo 5. Anayebaki na 40 hataihisi sana.

Ukiyajua hayo, hushangai kwamba Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakipinga EFRIS. Ni rahisi kusema waliogopa kulipa kodi, na wengine bila shaka waliogopa. Ila kuonekana kwa mauzo bila kuonekana kwa gharama ni tatizo la kweli, na halitibiwi na mashine.

Kenya ilijaribu kulitibu upande mmoja. Kwanza iliruhusu ankara kutolewa kwa simu ya kawaida, hata ile ya vitufe, kwa kupiga *222#. Kisha marekebisho ya sheria ya Desemba 2024 yakageuza wajibu: bidhaa ikitoka kwa biashara ndogo au mkulima mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 5, mnunuzi ndiye anayeandika ankara. Mfugaji wa kuku hapo amepona kukimbiwa na hoteli. Ila mauzo yake sasa yamo kwenye mfumo kwa jina lake, yeye asiandike kitu. Akienda kuomba mkopo, ana cha kuonyesha zaidi ya daftari. Na siku jumla yake ya mwaka ikivuka kiwango, mamlaka itakuwa na rekodi hizo hata kama yeye hakujumlisha.